Mjadala: Je, anayejiandaa na mtihani wa CCNA anunue ruta na swichi halisi?

Mtoa mada: Ndugu zangu, vijana wengi wa TEHAMA huambiwa na waliowatangulia kwamba asiye na ruta na swichi kadhaa (vifaa vya kuunganisha kompyuta na mitandao) chumbani kwake hawezi kufaulu CCNA, mtihani wa cheti cha mitandao wa kampuni ya Cisco. Naona ushauri huo umepitwa na wakati, na unawaumiza hasa wenye kipato kidogo. Ada ya mtihani peke yake ni dola 300 za Marekani, na mwenye akiba ndogo ni heri aitenge hiyo kwanza. Cisco hutoa bure programu ya Packet Tracer, inayoiga mtandao ndani ya kompyuta, kwa anayejisajili katika mpango wake wa mafunzo wa Networking Academy, nayo inatosha kwa mazoezi ya VLAN (kugawa mtandao katika sehemu), OSPF (itifaki ya kutafuta njia za data), NAT (kubadilisha anwani za IP) na ACL (orodha za kuruhusu au kuzuia data). Zile ruta kuukuu zinazouzwa pamoja na kadi za WIC-1T (za kuunganisha ruta kwa kebo za serial) zilifaa enzi ambazo mtihani ulidai PPP (itifaki ya viungo vya serial) na EIGRP (itifaki nyingine ya kutafuta njia za data); tangu toleo la 200-301 lianze Februari 2020, kusanidi itifaki hizo hakumo tena, kwa hiyo mnunuzi hulipia asichokihitaji. Mnasemaje?

Mchangiaji: Ndugu mtoa mada, kuhusu ruta nakuunga mkono, lakini kuhusu swichi sikubaliani nawe. Swichi moja ya Cisco aina ya Catalyst 2960 iliyokwishatumika, pamoja na kebo ya konsoli (ya kuiunganisha na kompyuta ili kuisanidi), inafundisha mengi. Ikikufikia ikiwa na nywila ya mmiliki wa zamani, itakubidi uchomeke umeme huku umebonyeza kitufe cha Mode, uandike amri ya flash_init ili ufikie hifadhi yake, ubadilishe jina la faili la config.text lenye mipangilio na nywila hiyo, kisha uiwashe upya. Aliyekwisha kufanya hivyo kwa mikono yake hababaiki akikutana na hali hiyo kazini. Kubana plagi kwenye kebo nako ni hivyo hivyo. Kwa mpangilio wa rangi za waya uitwao T568B unaanza na nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, na kuendelea; waya mmoja ukikosa kufika mwisho wa plagi, taa ya poti inaweza isiwake kabisa, ukalazimika kukata na kuanza upya. Katika Packet Tracer kebo huunganishwa kwa kubofya tu.

Mtoa mada: Nashukuru, ndugu. Uliyoyaeleza ni ya kweli, ila yanahusu zaidi utayari wa kazi kuliko kufaulu mtihani, na tukiyachanganya mambo haya mawili tutaendelea kumtisha mwanafunzi asiye na fedha. Koleo la kubania na plagi za kebo za mtandao (RJ-45) anaweza kuvimudu. Swichi, wenzake wanne au watano wanaweza kuchangia wakainunua moja na kupokezana. Lakini mzigo huu haupaswi kuwa wa mwanafunzi peke yake: chuo chenye maabara ya mitandao kiifungue jioni na Jumamosi, kimweke msimamizi, na kiwakaribishe hata waliokwisha kuhitimu, kwa sababu wengi wao hufanya mtihani huu baada ya kuondoka chuoni, wakati ambao hawana tena pa kugusa kifaa.