Nimehamia Kigamboni, uwani ni pori: nihamishe maua ya zamani au nikate nianze upya?

Mpangaji_Mstaafu
Wakuu habari za jioni. Hatimaye nimeachana na nyumba za kupanga, nimenunua nyumba ya mtu huku Kigamboni, ndani iko poa ila uwani ni pori kabisa, inaonekana miaka hakuna aliyeshika panga huko. Kuna bogenvilia mbili, ya zambarau na ya chungwa, zimepanda mpaka juu ya bati, hibiskasi nyekundu imeshakuwa mti, asumini imejiviringisha kwenye waya wa kuanikia nguo, fikasi moja imesimama karibu kabisa na ukuta, alafu kuna kichaka cha maua ya pinki majani membamba marefu hicho sikijui. Chini ni ndago tupu.

Bogenvilia ya chungwa na hibiskasi ziko pale pale ninapotaka kujenga jiko la nje, kwaiyo lazima zitoke. Wife anataka tuzing'oe tuzipeleke mbele kando ya ukuta. Fundi aliyekuja kuangalia anasema fyeka zote, choma moto, ukanunue miche barabarani. Kuna jirani nae anasema kata tu mpaka magotini zitachipua. Mnasemaje, ipi inalipa?

jembe_halichoki
Mkuu usiyaweke yote kapu moja, kila mmea una tabia yake. Bogenvilia kubwa ni ngumu kuhama, mizizi yake haishiki udongo vizuri na inakatika kirahisi, sasa weka na huo mchanga wenu wa Kigamboni, ukishanyanyua donge lote linamwagika unabaki na fimbo mkononi. Hiyo ya chungwa kata vijiti, hapo ndio unapata uhakika. Chagua tawi lililokomaa unene wa penseli, kata sentimita 15 mpaka 20, ondoa majani, chomeka kwenye viriba vya mchanga na samadi iliyooza vizuri, weka kivulini. Usimwagilie kila saa, vinaoza. Baada ya miezi miwili hivi utaona vilivyoshika. Chomeka vingi maana vingine vitakufa tu.

Ukishakuwa na miche ndio umng'oe mama yake. Ukitaka kujaribu kumhamisha jaribu, hakuna cha kupoteza.

Mama_Kijani
Naunga mkono hapo juu ila hibiskasi usiikatie tamaa, ile inahama. Siri ni kuiandaa mapema, sio unaamka asubuhi na sururu. Sasa hivi chimba mtaro wa duara kuizunguka, kata mizizi ya pembeni kwa koleo lenye makali, rudishia udongo mchanganye na samadi kidogo, mwagilia uiache wiki kadhaa itoe mizizi midogo ndani ya duara, iyo ndio itakayoibeba kule inakoenda. Kuhusu ukubwa wa donge, shina likiwa nene sentimita 5 basi donge liwe na upana wa sentimita 50 mpaka 60. Ni zito, usidhani utabeba peke yako, tafuta watu na toroli.

Kwa mchanga mwagilia maji mengi siku moja kabla ndio donge lishikane, alafu pitisha kiroba chini yake ufunge kamba kabla hujanyanyua. Matawi punguza kama theluthi hivi maana mizizi iliyobaki haiwezi kulisha majani yote hayo. Shimo jipya liwe tayari limeshachimbwa, mmea usikae juani unasubiri watu wanywe chai. Na usiufukie kina kuliko ulivyokuwa mwanzo, watu wengi wanazika shina mpaka linaoza kisha wanasema udongo mbaya.

dokta_wa_mbuzi
Subirini kwanza. Mpangaji, hicho kichaka cha pinki, majani yanatoka matatu matatu kwenye kila kifundo?

Mpangaji_Mstaafu
Nimeenda kuangalia na tochi hahaha. Ndio, matatu matatu, magumu kama ngozi.

dokta_wa_mbuzi
Basi hiyo kwa maelezo yako ni oleanda. Ni sumu, majani maua mpaka kijiti, inasumbua moyo, mbuzi akila majani machache anaweza kufa na mtoto vile vile asiachiwe achezee. Mwambie fundi wako ASICHOME, moshi wake nao una sumu. Vaa glovu, kata, weka kwenye viroba, itolewe na taka. Usilishe mifugo ya jirani hayo majani na usiyatumie kama matandazo kwenye mboga. Kama huna watoto wadogo wala mbuzi unaweza kuiacha, ni mmea mgumu unavumilia jua na chumvi ya bahari, ila mimi nyumbani kwangu siuweki.

Kitengela_Moto
Sasa nyinyi mnapenda kazi. Mimi niko Kitengela, huku udongo ni ule mweusi wa kupasuka, wakati wa jua ni kama kuchimba lami, kwa hivyo hatuhamishi kitu. Hiyo bogenvilia ya zambarau haisumbui jiko, si uikate tu hadi magoti uiwachie? Inachipuka vizuri sana, na ikikatwa inaleta maua mengi kwa sababu yanakuja kwa matawi mapya. Jirani yako ako sawa. Maji usiipatie mingi, ukiibembeleza itakupea majani tu bila maua.

MtuWaNg'ambo
Assalam alaykum. Miye niko Unguja, nataka kusema neno kwa hiyo asumini tu. Msiitie sururu masikini! Ikateni ipungue, itoe machipukizi mapya ndiyo itachanua. Ukitaka nyengine mahali pengine, laza tawi moja chini, lichune gome kidogo kwa chini pale penye kifundo, lifukie udongo, tia jiwe juu lisinyanyuke, wakati wa mvua litatoa mizizi lenyewe hapo ukate ukapande. Hakuna haja ya kumsumbua mama. Na bibi yako atapata maua ya kikuba kila jioni.

BatiTupu
Mi nasimama na fundi, sio kwa kuchoma lakini. Mnahesabu miche tu hamuhesabu vibarua. Kuhamisha kichaka kimoja kikubwa ni vijana wawili watatu siku nzima, alafu kinaweza kunyauka. Mche wa kwenye kiriba ni hela ndogo, ukipandwa na mvua unakuta ndani ya mwaka mmoja miwili ukuta umeshafunikwa. Sentimenti za nini kwa maua ya mtu mwingine.

Mama_Kijani
@BatiTupu kwa bogenvilia sawa. Ila hibiskasi iliyofikia urefu wa dirisha inakupa kivuli na faragha leo, sio mwaka kesho. Kinachohamishwa kiwe kimoja au viwili vyenye sababu, sio uwanja mzima.

jembe_halichoki
Na fikasi jamani mbona mmeiruka. Hiyo ndio ya kwanza kutoka. Mizizi yake inafuata maji, inaingia kwenye chemba na shimo la karo, inapasua ukuta na sakafu. Kukata haitoshi, kisiki kinachipua tena, kwaiyo uking'oe na mizizi mikubwa. Kabla ya sururu muulize aliyekuuzia bomba la maji na chemba vimepita wapi.

Ndago nayo usilime kwa jembe ukaona umemaliza. Kule chini kuna vikokwa vimeungana, ukivikatakata unavisambaza. Nailoni inaitoboa. Chimbua kwa uma, chekecha udongo, rudia kila inapotokeza, haipendi kivuli kwaiyo mimea ikifunga juu itapungua yenyewe.

Kizaramo_Orijino
Hamjamuuliza swali la msingi, kuna upupu humo? Pori la Dar bila upupu sio pori. Angalia kama kuna maganda ya kahawia yenye manyoya, yakikauka upepo ukipiga uwani pote hapakaliki. Nyunyizia maji kwanza, ingia asubuhi kabla upepo haujaanza, nguo ndefu, na ukitoka hizo nguo usizichanganye na za watoto. Alafu piga piga vichaka kwa fimbo ndefu kabla ya kuingiza mguu, nyoka wanapenda sehemu kama hizo.

Mpangaji_Mstaafu
Aisee asanteni, upupu upo, upande wa tenki. Kwaiyo nimeelewa hivi: upupu, fikasi na oleanda zinatoka, zambarau nakata magotini, asumini napunguza na kulaza tawi, ya chungwa nachukua vijiti, hibiskasi peke yake ndio inahama. Wife amekubali. Sasa ni Februari, mtaro wa hibiskasi nachimba wikiendi hii, kuhamisha nifanye lini, nisubiri masika ikolee?

Mama_Kijani
Usisubiri ikolee, hamisha mvua zinapoanza Machi, udongo ukishalowa na kuna mawingu. Jioni ni bora kuliko asubuhi maana inapata usiku mzima wa kupumzika. Ukichelewa mpaka Mei mvua zinaisha kabla mizizi haijashika utakuwa mtumwa wa mpira wa maji. Weka matandazo ila yasiguse shina, mbolea ya dukani iache kwanza. Majani yakidondoka usiing'oe, kwaruza gome kwa kucha, pakiwa kijani ndani bado mzima.

BatiTupu
Hiyo ya chungwa ukikata vijiti nibakishie vitano mkuu, niko Mbagala nitavifuata mwenyewe.

Kitengela_Moto
Si ulisema sentimenti za nini 😂