Protoni, neutroni na elektroni: je, jedwali la 1, 1 na 0 ni sahihi?

Mdadisi
Ndugu wanajamvi, naomba ufafanuzi. Kitabu ninachosoma kinaonyesha kwamba tungamo la protoni ni 1, la neutroni ni 1 na la elektroni ni 0, ilhali chaji zake ni +1, 0 na −1. Inawezekanaje elektroni isiyo na tungamo ibebe chaji ya kutosha kuifuta kabisa ile ya protoni? Aidha, kwa kuwa neutroni haina chaji, je, ni kosa kusema kwamba ni protoni iliyoungana na elektroni?

Mshika Mizani
Sifuri hiyo ni makadirio tu. Tungamo la elektroni ni kilogramu 9.109 × 10⁻³¹, na la protoni ni kilogramu 1.673 × 10⁻²⁷, yaani takriban mara 1,836 ya lile la elektroni. Kwa kipimo cha jedwali lako, elektroni ilistahili kuandikiwa 0.00055 hivi. Chaji, kinyume chake, haikukadiriwa hata kidogo: ni kulombi 1.602 × 10⁻¹⁹ kwa zote mbili, na kinachotofautiana ni alama peke yake. Wepesi wa elektroni hauipunguzii chaji, bali hujitokeza katika mwendo: ukiziweka chembe hizi mahali pamoja penye uga wa umeme, zitasukumwa kwa kani iliyo sawa, kila moja upande wake, lakini mchapuko wa elektroni utakuwa mara 1,836 ya ule wa protoni.

Kiini
Kuhusu swali la pili, usione haya, maana mwanafizikia Rutherford mwenyewe aliwaza hivyo mwaka 1920, miaka 12 kabla ya mwenzake Chadwick kuigundua neutroni. Hata hivyo, hebu tujumlishe kwa kipimo cha tungamo la elektroni. Protoni ni 1836.15, ukiongeza elektroni moja unapata 1837.15, lakini neutroni ni 1838.68. Vitu viwili vilivyoshikamana, kama katika atomu ya hidrojeni, huwa na tungamo dogo kuliko jumla ya sehemu zake, na hapa tunakuta kubwa zaidi. Ziada hiyo ndiyo inayoifanya neutroni iliyo nje ya kiini cha atomu ioze, kwa wastani baada ya dakika 15 hivi, ikitoa protoni, elektroni na antineutrino (chembe nyepesi mno isiyo na chaji). Elektroni hiyo huzaliwa papo hapo. Haikuwa imefichwa ndani.

Mdadisi
Nashukuru. Basi chaji ya neutroni inakuwaje sifuri ikiwa ndani hamna elektroni?

Kiini
Ndani mna kwaki tatu, yaani chembe ndogo zaidi zinazounda protoni na neutroni. Aina iitwayo kwaki ya juu ina chaji ya +2/3, na iitwayo ya chini −1/3. Protoni ina mbili za juu na moja ya chini, hivyo jumla ni +1. Neutroni ina moja ya juu na mbili za chini, hivyo jumla ni sifuri. Lakini usijaribu kujumlisha matungamo kwa njia hiyo, kwa sababu matungamo ya kwaki hizo tatu ni takriban asilimia 1 tu ya tungamo la protoni, na sehemu kubwa ya lililobaki ni nishati ya mwendo wake na ya kani inayozishikilia pamoja.