Waingereza wasingeichukua Cape Town mwaka 1806, ingekuwaje?

FundiWaTanga:

Wakuu, habari za jioni. Kuna ubishi umenishinda kazini, naomba wenye kuijua historia mnisaidie.

Mimi ni fundi cherehani, kwetu Tanga, na hapa Cape Town huu ni mwaka wa saba. Karakana yetu iko Salt River, tunashona sare za shule. Kwenye ovaloki nakaa jirani na mama mmoja mtu mzima wa Bo-Kaap, Mwislamu. Namwita Mama, naye ananiita boeta, yaani kaka. Wiki iliyopita nilipitisha koti lililovuta begani, akanirudishia mapajani: "Boeta, fumua hiyo baadjie." Nikafumua. Uzi haujaisha kutoka akaniuliza, unajua hilo neno limetoka wapi? Nikamjibu kwa Waholanzi, si Kiafrikana hicho? Akatikisa kichwa. Akasema ni la wazee wake waliotolewa Java na Sulawesi, kwao baju ni nguo, na Mzungu ndiye aliyejifunza kwao. Akanipa na mengine: asante yao ni tramakasie, tafadhali yao ni kanala, ambayo asili yake ni "kwa ajili ya Allah".

Hapo ndipo tukaingia kwenye historia. Mama anaamini kwa dhati kwamba aliyewaharibia ni Mwingereza. Kwa asiyejua, Waholanzi wa VOC, ile Kampuni yao ya biashara ya Mashariki, walishuka hapa Aprili 1652 na Jan van Riebeeck. Waingereza wakaichukua Rasi, yaani Cape hii, mwaka 1795, wakairudisha 1803, kisha Januari 1806 wakapigana Blaauwberg na hawakutoka tena. Hoja yake ni hii: Mholanzi angebaki, Makaburu wasingepakia magari ya ng'ombe kwenda bara, vita vyao na Mwingereza vya 1899 hadi 1902 visingepiganwa, muungano wa 1910 uliowakabidhi Wazungu nchi usingekuwepo, na ubaguzi wa 1948 usingepata pa kuota. "Tungekuwa kama Suriname," anasema. "Watu wa asili zote, na nchi yetu mkononi." Tena akaongeza kwamba ruhusa ya kuswali hadharani ilitolewa na Waholanzi mwaka 1804, Mwingereza hajarudi bado.

Nilikosa la kumjibu. Jumamosi nikaenda kwenye jumba la Slave Lodge, lile ambalo Kampuni ilijenga mwaka 1679 kuwafungia watumwa wake. Nimepita nje ya jengo hilo mara mia nikiwahi basi, sikuwahi kuingia. Waliletwa hapa watu takriban 63,000 hadi 1808, kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na pwani yetu kuanzia Msumbiji kwenda juu. Mtu akifika anapewa jina jipya: fulani van Bengalen, fulani van Madagascar, fulani van Mozambique. Wengine walipewa jina la mwezi. Nikamkumbuka mkata vitambaa wetu, jina lake la ukoo ni September. Miaka yote hii nikimwita kwa jina hilo sikuwahi kujiuliza.

Swali langu sitaki liende kwa wafalme na majenerali. Nauliza kuhusu wale waliokuwa ndani ya jumba lile na walio mashambani. Mholanzi angebaki, wao wangeishije? Nawasilisha.

MaalimKibokoni:

Fundi, Mungu akubariki kwa swali lako, hasa hapo mwisho ulipoliweka pazuri. Nimefundisha historia Mombasa miaka ishirini na sita, na wanafunzi wangu kila tukifika Cape huuliza bendera ilikuwa ya nani, mara chache sana nani alikuwa analima.

Njia nzuri ya kujibu ni kuangalia Mholanzi alifanya nini kule alikobaki kweli. Mama ameitaja Suriname, koloni la Mholanzi kule Amerika Kusini, basi twende huko huko. Suriname watumwa waliachiwa tarehe 1 Julai 1863. Na hata hapo walio wengi walitakiwa kufanya kazi kwa mkataba chini ya usimamizi wa serikali miaka kumi zaidi, hadi 1873. Mwenye mtumwa alilipwa fidia ya gilda 300 kwa kila kichwa. Mtumwa hakulipwa kitu.

Rasi chini ya Mwingereza utumwa ulifutwa tarehe 1 Desemba 1834, ukafuata "uanagenzi" wa miaka minne, mpaka 1 Desemba 1838. Huko nako fidia ilikwenda kwa mabwana.

Sasa chukua mtoto mmoja wa kike, tumfikirie tu, amezaliwa shamba la zabibu Stellenbosch mwaka 1830. Kwa historia ilivyokwenda, anatoka shambani na mama yake akiwa na miaka minane. Kwa kalenda ya Suriname, anatoka ana miaka arobaini na mitatu. Pengine ana wajukuu, na watoto wake wote wamezaliwa wakiwa mali ya mtu. Ukisema Rasi ingefuata kalenda ya makoloni ya Mashariki, Indonesia ya leo, kule amri ilianza 1 Januari 1860, basi angekuwa na miaka thelathini. Ujana wote umeshakwenda. Mimi nikifika hapo siwezi kumkubalia Mama, kwa heshima zote.

Kuhusu dini ana haki yake. Tangazo la 1804 ni la Kamishna De Mist wa Jamhuri ya Batavia, ndilo jina la Uholanzi wakati ule, na ni la kweli. Ila hiyo ilikuwa serikali mpya iliyokaa miaka mitatu tu. Kampuni kabla yake ilikataza Uislamu hadharani kwa karibu miaka mia na hamsini. Sheikh Yusuf wa Makassar aliletwa mfungwa 1694, akawekwa shamba la Zandvliet mbali na mji ili watu wasimfikie, akafia huko 1699. Tuan Guru wa Tidore aliletwa 1780, akafungwa kisiwa cha Robben, akaandika Qur'ani nzima kwa kichwa, na alipotoka akafungua madrasa na msikiti wa Auwal ukaanza 1794. Miaka kumi kabla ya ruhusa! Walijifungulia mlango wenyewe, serikali ikaja kukiri.

Na jambo moja linalonigusa mimi binafsi. Babu yangu aliandika barua zake zote kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu. Cape ilikuwa vilevile: Kiafrikana kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu madrasani kabla ya Wazungu kukikubali kuwa lugha. Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na Sultani wa Uturuki, alifika Cape 1863, akatunga kitabu cha fiq'hi kwa lugha hiyo, kikachapwa Istanbul 1877. Mholanzi angebaki na shule zake na mapadri wake, naona lugha ile ingeendelea kuitwa Kiholanzi cha jikoni. Makaburu walikibeba Kiafrikana juu kwa sababu walikuwa wanapambana na Kiingereza. Wangepambana na nini kama mtawala anasema Kiholanzi?

MkulimaWaSisibo:

Niongezee hapo kwa Makaburu kwenda bara. Mimi ni wa Eldoret, na wazee wetu bado wanauita mji huu Sisibo, kutokana na "sixty-four", shamba namba 64 ulipoanzia. Makaburu walifika Uasin Gishu 1908 baada ya kushindwa vita kwao. Babu aliwachungia ng'ombe akiwa mtoto, malipo unga na maziwa yaliyotolewa mafuta. Kwa hiyo hesabu ya huyo mama inanihusu: bila Mwingereza Cape, babu yangu asingekutana nao.

Lakini siamini kwamba wangetulia. Waliingia vita na Waxhosa kwenye mto Fish mwaka 1779, Mwingereza hajatia mguu. Walikuwa wanatafuta malisho na kupora ng'ombe. Na Februari 1795, Mholanzi bado anatawala, Makaburu wa Graaff-Reinet walimfukuza ofisa wa Kampuni, Maynier, wakajitangazia jamhuri. Kosa lake kubwa kwao lilikuwa kusikiliza malalamiko ya vibarua Wakhoikhoi, wenyeji wa Rasi, dhidi ya mabwana wao. Waliasi dhidi ya Waholanzi wenzao! Serikali yoyote ya Uholanzi ambayo siku moja ingetamka kufuta utumwa ingeona magari yale yale ya ng'ombe yakifungwa. Labda 1860 badala ya 1835.

MmakuaWaMasasi:

Maalim umeeleza vizuri, ila usimpe Mwingereza sifa nyingi. Alipopiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, watu waliokamatwa na meli zake baharini na kushushwa Cape hawakuachiwa waende zao. Waligawiwa kwa waajiri kwa mikataba ya hadi miaka kumi na minne. Wengi wao walikuwa wa upande wetu, Cape wakiitwa Masbieker, kwa maana ya watu wa Msumbiji.

Na kuna ndugu zetu Durban. Mwaka 1873 Waingereza walianza kuwapeleka Natal watu waliokombolewa kwenye majahazi, kupitia Zanzibar, wengi wao Wamakua. Wakaajiriwa kwa mikataba, wakakaa eneo la Bluff. Mpaka leo wanaitwa Wazanzibari, na wazee wao bado wanasema Kimakua. Serikali ya ubaguzi ilishindwa iwaweke kundi gani, ikawaandika "Waasia wengine", ikawahamishia Chatsworth. Wamakua, Waasia! Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nililia, sifichi.

Mimi swali langu kwa Maalim ni kama Mholanzi alikuwa anakuja pwani yetu pia, maana nasikia siku zote Mreno na Mfaransa tu.

MaalimKibokoni:

Dada, alikuja. Zipo shajara za safari mbili za meli za Kampuni zilizotoka Cape kuja kununua watu pwani ya Waswahili kati ya 1776 na 1778. Na nimekubali ulivyonirekebisha. Yule mtoto wangu wa Stellenbosch nilimhesabia miaka tu, sikumhesabia mkataba aliokutana nao nje ya geti.

FundiWaTanga:

Wakuu, samahani nimechelewa, tulikuwa na oda ya sketi mia nne.

Nilimsomea Mama majibu yenu wakati wa chai, namtafsiria sentensi moja moja. Tulipofika kwa yule mtoto wa 1830 alinyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole vizazi vyake kurudi nyuma. Akafika kwa bibi wa bibi yake, ambaye nyumbani kwao wanasema alikuwa wa mwisho kuzaliwa mtumwa. Akasema, "Huyo alifungishwa ndoa akiwa huru, na mahari yake alipokea mwenyewe." Kisha akarudi kazini. Baadaye, mashine inaunguruma, akaniinamia sikioni: "Kwa hilo la miaka, Maalim amenishinda. Kwa Makaburu bado." Habari ya Graaff-Reinet anaiwekea shaka, amesema atamuuliza mjomba wake.

Lakini nililotaka kuwaambia ni la Ijumaa. Alikuja na kitu amekifunga kwenye kanga ya kizamani, kumbe niliwahi kumpa mimi. Ndani kuna daftari la bibi yake la madrasa, wanaliita koplesboek. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, pembeni zimeliwa. Macho ya Mama siku hizi hayaoni mwandiko mdogo, na wanawe wamesoma Kiingereza tu. Akaniuliza, wewe si umesoma chuo cha Qur'ani huko kwenu?

Nikaanza kusoma. Herufi zote nazijua, nyingine zimeongezewa nukta kama wazee wetu walivyofanya kwa Kiswahili, lakini nilichokuwa natamka sikukielewa hata kidogo. Natoa sauti tu, taratibu, kama mtoto wa juzuu ya kwanza. Na Mama kafumba macho, anaelewa kila neno. Nikikosea irabu ananirudisha, "hapana boeta, tena", narudia, analipata. Ilikuwa mlango wa udhu. Ni Washafi kama sisi, kwa hiyo nilipotambua niyyah nikajua kinachofuata ni uso, na kweli Mama akapitisha viganja usoni. Mikono mpaka viwiko. Kichwa. Mkata vitambaa aliacha mkasi wake mezani akaja kusimama nyuma yetu.

Kengele ikalia tukiwa kwenye masikio. Ataleta tena Ijumaa hii, tumalize miguu.