Uniti 240 kwa mwezi na gesi haimalizi mwezi: nianzie wapi kupunguza?

Goba_Juu:
Wakuu, habari zenu. Nyumba ni ya familia, watu watano, luku yetu wenyewe, tupo T1 (bei ya kawaida ya TANESCO). Tunatumia kama uniti 240 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 85,000. Vilivyopo: friji ya milango miwili, shawa ya umeme, pampu ya nusu hospawa, pasi, TV, feni tatu, taa zote LED. AC hatuna. Mtungi wa kilo 15 tunanunua 57,000, unakwenda wiki tatu na kidogo. Maharage ni mara tatu kwa wiki, kwenye gesi. Ushauri wa kuchomoa chaja nimeufuata, sijaona tofauti. Naomba wenye namba.

fundi_DB:
Mkuu, hukuona tofauti kwa sababu haipo. Chaja ya simu iliyoachwa bila simu, hata mwezi mzima, haimalizi nusu uniti.

Anza na mita yenyewe. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni pameandikwa imp/kWh, mara nyingi 1000. Zima kila kitu, friji chomoa, ila main switch iache juu. Hesabu mipepeso kwa dakika 6. Kwa mita ya 1000, zidisha kwa 10, jibu ni wati. Ukipata 14, maana yake wati 140 zinaondoka huku umezima kila kitu, na hizo usiku na mchana ni uniti 100 kwa mwezi. Shusha breka moja moja kwenye DB (boksi la breka) mpaka taa itulie. Breka iliyoituliza ndiyo yenye mgonjwa: waya ulioliwa na panya darini, taa ya nje iliyoingia maji, au waya uliochepushwa kwenda kwa jirani. Hapo ita fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), usifungue mwenyewe. Kuna mita ambazo taa huwaka mfululizo bila kupepesa pasipo na matumizi, hiyo isikutishe.

Kimara_Mwisho:
Mimi naenda moja kwa moja kwenye shawa. Soma lebo yake, nyingi ni wati 5,500. Dakika 10 ni uniti 0.9. Watu watano, kila mtu dakika 10 kwa siku, mwezi ni uniti 137. Kwa shilingi 356 kila uniti, makato yakiwa ndani, ni karibu 49,000. Zaidi ya nusu ya umeme wako unaishia bafuni.

Kwa joto la Dar, maji ya tanki lililopigwa na jua hayahitaji moto wa juu. Weka swichi kwenye kiwango cha chini, na anayejipaka sabuni afunge maji. Watu wanapandisha moto kwa sababu maji yanatoka mengi. Punguza bomba kidogo yatapata joto. Usibane sana, element inaungua ikikosa maji. Matundu ya shawa yakiziba kwa chumvi ya maji ya kisima, loweka kwenye siki.

Halafu angalia waya. Shawa hiyo inavuta ampea 24, inataka waya wake wa milimita 4 au zaidi na breka yake. Ukikuta wameunga kwenye waya wa soketi wa 2.5, badilisha kabla hujawaza bili, hiyo inaunguza nyumba.

Goba_Juu:
Shukrani sana. Shawa ni 5,500 kweli. Mita imetulia kabisa nikizima vyote. Ila pampu ya presha inajiwasha usiku kwa sekunde chache bila mtu kufungua bomba.

fundi_DB:
Presha inashuka, basi maji yanatoka mahali. Weka rangi ya chakula kwenye tanki la choo, nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini umekwisha, badilisha. Vyoo vikiwa vizima, shuku valvu inayozuia maji kurudi. Umeme unaopotea hapo si mkubwa kama wa shawa, ila kuwashwa-washwa kunaua pampu.

Friji: bana noti kwenye mlango, vuta. Ikitoka kilaini, mpira umelegea. Isogeze sentimita 10 kutoka ukutani.

Jiko_na_Gesi:
Kwenye gesi yako naona maharage. Mtungi wa 57,000 ni 3,800 kwa kilo. Maharage makavu kwenye sufuria ya kawaida, saa mbili, yanakula kama robo kilo ya gesi, karibu 950. Pressure cooker ya umeme ya wati 1,000 inapika chungu hicho kwa nusu uniti, chini ya 200, maana ikishapata presha inakata na kuwaka kidogo kidogo. Loweka usiku kucha, muda unapungua tena. Bado hutaki umeme? Ya kuweka juu ya gesi nayo inaokoa sana.

Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, zibua matundu ya bana (pale moto unapotokea) kwa sindano na usafishe njia ya hewa. Ndimi zisipite kitako cha sufuria. Paka povu la sabuni kwenye regulator na mpira wa gesi. Likitoa mapovu, funga mtungi. Siku ya kununua, dai mzani: uzito mtupu umegongwa kwenye mtungi, jumlisha 15.

Mama_Wawili:
Dada au kaka, kwenye luku: T1 ni 292, ikiongezwa VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA 1% inakuwa 356. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa pia kodi ya jengo 1,500, ndiyo maana uniti huwa pungufu siku hiyo. Ukishusha matumizi hadi chini ya 75 kwa miezi kadhaa, nenda ofisi ya TANESCO uombe D1 (bei ya watumiaji wadogo), uniti ni 100 kabla ya makato. Ukivuka 75, kila ya ziada ni 350.

Goba_Juu:
Pressure cooker naweza kuchomeka kwenye extension ya jikoni pamoja na birika?

fundi_DB:
Hapana. Birika pekee ni wati 2,000 hivi. Pressure cooker ichomeke moja kwa moja ukutani, na soketi ikipata moto, kaza nyaya zake au uibadilishe.