Mwaka wa kwanza wa udaktari Nairobi: nakesha na vitabu lakini CAT zinanipiga, nisaidieni

NevaKumiNaMbili
Wadau, hamjambo. Niko mwaka wa kwanza wa udaktari katika chuo kimoja hapa Nairobi, nakaa Ngara na wenzangu wawili. Sekondari nilikuwa yule mtu wa kusoma kitu mara moja na kikaingia. Huku mambo ni mengine. Matokeo ya CAT (mtihani mdogo wa katikati ya muhula) ya anatomia yamebandikwa na niko chini ya mstari. Baiokemia nimepenya kwa neema. Fiziolojia angalau naielewa.

Si uvivu. Lekcha nahudhuria zote, noti nimezipaka rangi ya manjano hadi hazina nafasi nyeupe. Lakini ukiniuliza sasa hivi neva gani inahudumia deltoidi, ule msuli wa bega, najua nimeiona, iko ukurasa wa kushoto kule juu, ila jina haliji.

Mliopita hapa, mlikuwa mnasoma vipi hasa? Sitaki "jitahidi" na "muombe Mungu", hayo mama ananitumia WhatsApp kila asubuhi. Nataka kujua mtu akirudi chumbani saa kumi na mbili jioni anafungua nini kwanza. Na hizi grupu za kusoma zinasaidia au ni porojo tu?

WaMwakaWaNne
Pole dada. Anza kwa kuiweka kando hiyo kalamu ya manjano. Kupaka rangi na kurudiarudia kunakufanya uuzoee ukurasa, na mtu akishauzoea anadhani anaujua. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kukisoma tu. Kundi lingine lilisoma kipindi kimoja, halafu vipindi vitatu likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliosoma tu ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 61, wale wengine 40. Na CAT haiji baada ya dakika 5.

Kwa hiyo saa kumi na mbili hufungui chochote. Chukua karatasi tupu, andika yote unayokumbuka ya lekcha ya leo. Kichwa kitauma na utajiona hujui kitu, endelea tu. Ukikauka ndipo ufungue noti, ujaze mapengo kwa kalamu nyekundu. Kesho usirudie karatasi nzima, jiulize yale mekundu peke yake, kisha uyarudie tena baada ya siku mbili tatu, na tena wiki ijayo.

Chukua breikiali pleksasi, ule mtandao wa neva unaotoka shingoni kwenda mkononi. Usiikariri kama orodha, ichore. Mizizi mitano ya neva kutoka uti wa mgongo, C ni ya shingo na T ya kifua: C5, C6, C7, C8, T1. C5 na C6 zinaungana kuwa shina la juu, C7 inakwenda peke yake, C8 na T1 zinafanya shina la chini. Kila shina linagawanyika mbele na nyuma. Vipande vyote vitatu vya nyuma vinaungana kuwa kamba ya nyuma. Vya mbele, viwili vya juu vinafanya kamba ya nje, cha chini kinaendelea kuwa kamba ya ndani. Kutoka hapo unapata matawi makubwa matano. Ichore kila asubuhi chai ikichemka. Halafu nenda maabara uitafute kwapani mwa maiti: neva tatu zimekaa kama herufi M kuizunguka ateri ya kwapa. Ukishaishika ile M kwa vidole vyako, imekwisha.

Na ya deltoidi inaitwa aksilari. Inatoka kamba ya nyuma.

MadondoNaChapo
Hapo kwa mama na WhatsApp nimecheka. Wangu hutuma zaburi saa kumi na moja alfajiri. Usimwambie aache lakini.

Fomalini
Mimi napingana kidogo na mwenzangu hapo juu. Karatasi tupu ni ya chumbani. Anatomia yenyewe iko mezani, na wengi wenu hamko mezani hata mkiwa maabara. Meza moja ina watu kumi, wawili wanapasua, wanane wamesimama nyuma wanapiga picha kwa simu. Omba kisu. Mtu aliyekaa nusu saa na koleo akiondoa mafuta kidogo kidogo hadi neva nyembamba ikatokea, huyo humwambii tena inapita juu ya msuli gani. Macho yatatoa machozi kwa fomalini, ile dawa ya kuhifadhi maiti, zoea. Koti la maabara libebe kwenye mfuko wake peke yake, kwa sababu ukiingia nalo kwa matatu jirani atahama kiti.

Grupu: watu watatu, wakizidi wanne ni baraza. Kila mmoja aje na maswali aliyoyatunga mwenyewe, vitabu vimefungwa, muulizane. Akitokea mtu anayeanza na mechi ya Gor, mpeni buriani mapema.

KadiKwaSimu
Kazi ya kukumbuka lini urudie nini, iachie simu. Kuna programu inaitwa Anki, ya bure kwa kompyuta na kwa Android, kwa iPhone inauzwa. Unaandika swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Ukiweza kadi, inakurudia baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha mwezi. Ukikosa, inarudi upesi. Ukishaipakua haili bando.

Usichukue kadi maelfu walizotengeneza Wamarekani, zile ni za mtihani wao wa leseni na zitakumaliza. Tunga zako, tena fupi. "Eleza neva ya uso" ni kadi mbovu. "Neva ya uso inatoka kwenye fuvu kupitia tundu gani?" hiyo ni kadi. Na uzifanye kila siku. Zikirundikana siku tatu utaziogopa, mwisho utaifuta programu kama walivyofanya nusu ya darasa letu.

WaRongai
Naongezea kwa sisi wa mbali. Kadi zangu nazimalizia kwa jamu ya Lang'ata Road, kuanzia Galleria hadi nifike tao. Usikae dirishani tu, simu itanyakuliwa na kadi zote.

NevaKumiNaMbili
Asanteni sana, kweli nimeshukuru. Leo nimejaribu karatasi tupu kwa lekcha ya bega, nikapata robo ukurasa tu na nilikuwa nimekaa mstari wa mbele! Angalau sasa naona tatizo liko wapi. Baiokemia je? Ile mizunguko inanichanganya, nikimaliza mmoja ule wa kwanza umeshatoka.

MwalimuWaMaabara
Baiokemia usianze na maumbo ya kemikali. Kila njia iulize mambo machache: inafanyika sehemu gani ya seli, inaingiza nini na kutoa nini, kimeng'enya kipi ndicho breki yake, na kikipungua mtu anaugua nini. Hilo la mwisho ndilo gundi.

Mfano, seli nyekundu za damu hazina mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Basi nishati yao yote inatoka kwenye glaikolisisi, yaani kuvunja glukosi bila oksijeni: ATP mbili (ATP ndiyo sarafu ya nishati ya seli) za faida kwa kila glukosi, hakuna zaidi. Ukishaelewa hivyo, nenda kwenye G6PD. Ni kimeng'enya kinachozisaidia seli hizo kujikinga na kemikali zinazoziharibu. Mwenye upungufu wake akipewa primaquine ya malaria, seli zinaweza kupasuka, mkojo ukawa mweusi na damu ikapungua. Upungufu huo si nadra sehemu zenye malaria nyingi, Pwani na Nyanza zikiwemo. Sasa ile njia ndefu uliyokuwa unaiona kama mapambo ya slaidi ina mgonjwa ndani yake.

Tafuta pia mitihani ya miaka iliyopita, haikosi pale kwa watu wa fotokopi. Usiisome na majibu pembeni. Jifungie, weka saa, ufanye.

DaktariMzee
Mwanangu, nimekaa wodi ya mifupa miaka mingi. Hiyo pleksasi unayoichora nimekutana nayo kwa vijana wa bodaboda. Anarushwa, anaangukia bega, shingo inavutwa upande wa pili, C5 na C6 zinanyooka au kukatika. Anakuja mkono unaning'inia kando ya mwili, umegeukia ndani, hawezi kuuinua wala kukunja kiwiko. Kwa hiyo kila neva unayosoma iulize: ikikatika hapa, mtu huyu atashindwa kufanya nini? Mfupa wa mkono wa juu ukivunjika katikati, neva ya radiali iko hatarini, na kiganja kitaanguka hawezi kukiinua. Hata mwalimu akikuuliza kwa namna gani, utakuwa na pa kuanzia.

La pili ni usingizi. Najua mnatafuna muguka. Kathinoni, kile kichangamshi kilichomo, itakukesheza, sikatai, lakini ubongo huyapanga uliyosoma wakati umelala, sasa unamkeshea nani? Lala. Tena nenda kwa mwalimu wa anatomia uombe kuiona karatasi yako ya CAT. Wengi wanaona haya, na pengine ulijua neva lakini ulijibu swali lingine kabisa. Ukiona siku zinapita hutaki kula wala kuongea na mtu, hapo si suala la mbinu za kusoma tena, muone mshauri wa wanafunzi bila kungoja sapu, ule mtihani wa marudio.

NevaKumiNaMbili
Shikamoo daktari, nimekusikia. Kesho naenda kuiomba karatasi. Swali la mwisho: mtihani wa vituo, ule wa kengele, nafanyaje? Nikifika mezani akili inaganda.

Fomalini
Usiikodolee ile pini inayoonyesha sehemu unayoulizwa. Tazama kwanza unaangalia sehemu gani ya mwili, mbele ni wapi na juu ni wapi, ndipo uifuate pini ilipochomekwa. Fanyeni wenyewe kwa wenyewe jioni maabara ikiwa wazi: mmoja anachomeka, mwingine ana dakika moja, mnahama. Na uandike upande. Ukiandika "neva ya ulna" bila kulia au kushoto, kuna walimu wanakata maksi na hawana huruma.

NevaKumiNaMbili
Sawa. Kuna mtu ana fuvu la kuazima wiki mbili? Niko Ngara, nitalitunza.

MadondoNaChapo
Ninalo, ila taya la chini lilipotea tukihama hosteli. Njoo inbox.