Naomba ushauri: meza ya pool inainamia mlangoni

Wakuu, habari za leo. Nina meza ya pool ya jiwe (bamba la jiwe chini ya kitambaa) hapa Mbagala. Sakafu ya saruji ilimwagwa ikiteremkia mlangoni ili maji ya kudeki yatoke, na meza imefuata mteremko huo. Mpira ukipigwa taratibu unajikunja mwishoni, unaangukia mfuko wa upande wa mlango. Wateja wanagombana, na wana haki.

Kwa upana pimamaji inasoma sawa. Kwa urefu povu linakimbilia ukutani. Skrubu za kuinulia miguu ya mlangoni nimezifungua mpaka mwisho, bado haitoshi. Kuweka mbao chini ya miguu sitaki, zikilowa zinavimba.

Je, niweke vipande vya chuma chini ya miguu, au fundi apige sakafu upya? Na jiwe lenyewe lipimwe kabla au baada? Wenye uzoefu naombeni msaada.