Eksepsheni za Python: ndani ya mabano tunaweka nini?

kodi_usiku: Wakuu habari zenu. Naandaa maelezo ya Kiswahili ya eksepsheni (zile erori programu inazorusha ikikwama) zinazokuja na Python, ni kwa ajili ya madogo wanaoanza, sasa kila ninaposoma naona wameeleza erori inatokea lini, kuiunda mwenyewe hawagusi. ValueError("umri hauwezi kuwa hasi") inakubali freshi, ila UnicodeDecodeError("faili bovu") inanirushia TypeError eti inataka agumenti 5. Hizo 5 ni zipi na zinapangwaje?

BintiPwani: Usikisie mkuu, iache Python yenyewe iirushe halafu uichungulie. Weka b'\xff'.decode('utf-8') ndani ya try, ikidakwa na except UnicodeDecodeError as e printi e.args (vitu ilivyobeba eksepsheni hiyo), inakutolea ('utf-8', b'\xff', 0, 1, 'invalid start byte'). Yaani enkodingi (mfumo wa kugeuza baiti kuwa herufi), baiti zenyewe, ubovu unapoanzia, unapoishia, na sababu. Kuiunda ni mpangilio huohuo. Ile orodha ya sifa kwenye dokyumenti rasmi sababu inatajwa ya pili, kwa hiyo mtu akiifuata kama ilivyo anakula TypeError nyingine, hilo liandike kwa herufi kubwa kabisa.

mzee_wa_teminali: OSError ndo ina mambo zaidi. OSError("haipo") inabaki OSError na errno yake (namba ya erori ya mfumo) ni None, lakini OSError(2, "haipo") inakurudia ikiwa FileNotFoundError, weka 13 unapata PermissionError, imekuwa hivyo tangu toleo la 3.3. Ukiongeza jina la faili nafasi ya tatu linaenda kukaa e.filename, e.args inabaki na vitu viwili tu. Ushauri wangu kila klasi iwe na mstari wa kuiunda, chini yake onyesha args na str() zinatoa nini, maana mfano KeyError("jina") ukiiprinti inatoka 'jina' na alama zake za nukuu na madogo wengi wanadhani ni bagi.

kodi_usiku: Asanteni sana aisee. Na mtu akitengeneza klasi yake inayorithi Exception akaweka __init__ (funksheni ya kuiunda) yake?

BintiPwani: Hapo pia pana mtego. Tuseme __init__ inapokea jina na umri, halafu ndani anaita super().__init__("ujumbe"), basi args inabaki na kitu kimoja. Pickle (moduli ya kugeuza vitu vya Python kuwa baiti na kuvirudisha) ikitaka kuirudisha inaita klasi kwa vilivyomo kwenye args, inakuta umri haupo, inagoma. Kwa anayetumia multiprocessing (kugawa kazi kwa michakato kadhaa, inayopasiana vitu kwa pickle) hiyo inauma kweli, erori halisi inapotea anabaki na TypeError isiyomwambia kitu. Apitishe vyote viwili kwa super(), ujumbe autengeneze kwenye __str__.